Tugawe mwanga wa mkongo kwa haki, na Kigoma nayo ipate

Ndugu Mhariri,

Kila Simba na Yanga wanapokutana, malalamiko huwa yaleyale. Picha imeganda dakika ya thelathini, sauti imetangulia mbele, na jirani mwenye redio ameshangilia bao ambalo kwako bado halijafungwa. Majibu nayo ni yaleyale: mtandao umezidiwa, uwezo utaongezwa. Sisi tunaofanya kazi ya faiba hapa Dar es Salaam tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, kwa sababu jibu hilo linatuuma. Uwezo mwingi unaoongezwa huishia kuliwa na nakala za kitu kimoja. Na hata nakala zikipungua, inabaki kazi ya pili ambayo haizungumzwi hadharani: nani apewe njia kwenye mkongo, kwa kanuni gani, na kwa nini aliye mbali awe wa kwanza kukosa kila mara.

Tuanze na hesabu. Mkondo wa picha safi ya mpira unakula kama megabiti 5 kwa sekunde. Chukulia watazamaji 200,000 wanaangalia mechi moja kwa intaneti, na kila mmoja anatumiwa nakala yake. Hizo ni megabiti 1,000,000, yaani terabiti 1 kwa sekunde. Rangi moja ya mwanga, yaani mwale mmoja kati ya mingi ndani ya uzi wa faiba, ikibeba gigabiti 100, mechi hiyo peke yake inataka rangi 10 nzima kutoka kwenye mtambo. Ukituma mkondo mmoja na kuunakili pale tu njia zinapoachana, shina linabeba megabiti 5 zilezile, wawe watazamaji mia au laki mbili. Antena imekuwa ikifanya hivi siku zote: mnara mmoja, wimbi moja, kila mwenye king'amuzi anapokea. Dar es Salaam ilipozima analojia tarehe 31 Desemba 2012, hilo halikubadilika. Tumelipoteza tulipohamia kwenye intaneti, ambako kila mtazamaji anahudumiwa kana kwamba yuko peke yake.

Kutuma mara moja kwa wengi mafundi tunakuita multikasti, na si jambo la jana. Waraka ulioweka misingi yake upande wa pakiti (vifurushi vidogo vya data) ni wa mtaalamu wa mitandao Steve Deering, wa mwaka 1989. Anwani zinazoanza na 224 hadi 239 zimetengwa kwa ajili ya makundi. Kiboksi cha mteja kinaomba kujiunga na kundi kwa itifaki ya IGMP, swichi inaandika mlango upi una mtu wa kundi lipi, na ruta inavuta mkondo kutoka juu pale tu anapokuwepo anayeutaka chini. Ni kweli kwamba makundi haya hayavuki kirahisi kutoka mtandao wa kampuni moja kwenda wa nyingine. Lakini hilo si kikwazo kikubwa. Kila kampuni ikichukua nakala moja pale mitandao inapokutana, hapa mjini, kisha ikaisambaza ndani kwake kwa multikasti, kazi kubwa imeshafanyika.

Hitilafu inayotusumbua kuliko zote hapo haihusiani na uwezo hata kidogo. Swichi husahau. Ili orodha ya makundi ibaki hai, lazima kifaa kimoja kwenye mtandao kiulize kila baada ya sekunde 125 nani bado anataka nini. Asipokuwepo muulizaji, kwa mipangilio ya kawaida orodha inafutwa baada ya sekunde 260. Dalili yake haifichiki: picha inaanza safi, inakwenda dakika nne na sekunde ishirini, halafu inakufa ghafla. Mteja akibadili chaneli na kurudi, inafufuka kwa dakika nne nyingine. Fundi anayebadilisha waya, kiboksi na hata splita (kioo cha kugawa mwanga) kwa dalili hiyo anapoteza siku nzima. Awashe muulizaji kwenye ruta, amalize. Wengine hukosea kinyume chake. Wanazima kabisa ufuatiliaji wa makundi kwenye swichi ili kujirahisishia kazi, mikondo yote inamwagwa kwenye kila mlango, na mteja mwenye kifurushi kidogo anazamishwa na chaneli ambazo hakuziomba. Na ndani ya nyumba kuna mtego mwingine: waifai hurusha pakiti za multikasti kwa kasi ya chini, bila kusubiri uthibitisho kwamba zimefika. Faiba inakuwa nzima mpaka mlangoni, picha inavunjika sebuleni. Mwenye kibanda umiza avute waya hadi kwenye televisheni, au atafute ruta inayogeuza multikasti kuwa nakala za kawaida kabla ya kuzirusha hewani.

Sasa tuje kwenye mwanga wenyewe. Splita ni kioo tu. Haina umeme, haina programu, haina foleni, na inanakili mkondo kwa kasi ya mwanga bila kumtoza mtu. Gharama yake iko mahali pamoja: nguvu inagawanyika. Ukigawa mara mbili, kila upande unapata nusu, na nusu ni upotevu wa desibeli 3 kwa kipimo chetu cha kupungua nguvu. Ukigawa mara 32, kwa hesabu ya karatasi ni desibeli 15, na kwa kifaa halisi weka 17. Kila desibeli iliyopotea hapo haipo tena kwa ajili ya masafa, viunganishi na bahati mbaya.

Tuseme mstari wa GPON, yaani faiba moja inayogawanywa kwa nyumba nyingi, unatoka Ubungo kuelekea Kimara, kilomita 8 za faiba. Mtambo unatoa +3 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. Splita ya 1 kwa 32 inakula 17. Faiba, kwa hesabu ya tahadhari ya desibeli 0.35 kwa kilomita, inakula 2.8. Viunganishi vinne vya desibeli 0.5 vinakula 2. Maungio sita ya kuchomelea, 0.1 kila moja, yanakula 0.6. Jumla ni 22.4, kwa hiyo mteja anapokea −19.4 dBm. Kiboksi cha daraja B+ kinasoma mpaka −27, ikimaanisha akiba ni desibeli 7.6. Mstari mzuri. Kisha wanakuja wateja wapya kwenye nguzo ileile, na badala ya kufungua mlango mwingine wa splita, fundi anapachika splita ndogo ya 1 kwa 4 kwenye mguu mmoja uliokwisha kutumika. Desibeli 7 zimeondoka. Kipimo sasa kinasoma −26.4. Siku hiyo kila kitu kinafanya kazi na kazi inasainiwa. Wiki mbili baadaye kuna vumbi kidogo kwenye kiunganishi, au faiba imekunjwa kona kali nyuma ya kabati, na nyumba nne zimezimika kwa pamoja. Hapo tunaambiwa faiba ya Kichina haina ubora. Faiba haina kosa. Aliyeigawa hakuandika hesabu.

Kwenye barabara ndefu yenye nyumba zilizotawanyika, kama pembezoni mwa Kigamboni, splita ya mafungu sawa si ya haki hata kidogo. Aliye karibu anapewa mwanga asiouhitaji, na aliye mwisho anabaki na masazo. Dawa yake ipo: splita isiyo sawa. Nyumba ya kwanza inachotewa asilimia 10 ya mwanga na asilimia 90 inaendelea mbele. Kwa anayeendelea, upotevu ni kama desibeli 0.5 tu, kwa aliyechota ni desibeli 10, ambazo anazimudu kwa kuwa yuko karibu na chanzo. Mbele zaidi unachota asilimia 20, kisha 30, na ya mwisho inachukua kilichobaki. Mafungu yakipangwa kwa hesabu, wote wanapokea karibu kiwango kimoja. Hiyo ndiyo haki katika umbo lake la wazi kabisa, imefanywa kwa kioo.

Faida ya ziada ya GPON ni kwamba mwanga wa kushuka unawafikia wote 32 wakitaka wasitake. Gigabiti 2.488 zikigawanywa kwa 32 ni kama megabiti 78 kwa kila nyumba. Mechi ikitumwa kwa multikasti inachukua megabiti 5 kwa mtaa mzima. Ikitumwa nakala kwa kila nyumba ni 160.

Kwenye mkongo wa masafa marefu mambo yanakuwa magumu zaidi, na ndiko tunakotaka wasomaji watusikilize. Uzi mmoja wa faiba hubeba miale mingi yenye urefu tofauti wa wimbi, kati ya nanomita 1530 na 1565. Macho hayaioni, lakini mafundi tunaiita rangi. Mfumo wenye nafasi ya gigahezi 100 kati ya rangi na rangi una rangi 40 hivi. Mwanga unaoingia Dar es Salaam kwa rangi ya 17 unatoka Mwanza kwa rangi ya 17, isipokuwa kama kuna kigeuzi cha rangi njiani. Kwa hiyo haitoshi kila kipande cha njia kuwa na nafasi. Lazima kiwe na nafasi kwenye rangi ileile, kipande baada ya kipande.

Chukua mfano wa karatasi unaofuata barabara, usioigiza ramani yoyote halisi. Dar es Salaam inataka kutuma mkondo mmoja Mwanza, Tabora na Kigoma. Mwanza ni vipande vitano: Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza. Tabora ni vinne, ukiacha njia Singida. Kigoma ni vitano, ukipitia Tabora. Ukituma kila mji peke yake unatumia vipande 14 vya rangi. Ukituma mti mmoja, shina mpaka Singida, tawi la Mwanza, tawi la Tabora hadi Kigoma, unatumia vipande 7. Nusu kamili. Watafiti Sahasrabuddhe na Mukherjee waliueleza mti wa mwanga wa namna hii mwaka 1999.

Kuutafuta mti wenye gharama ndogo kuliko yote ni tatizo gumu. Mwanasayansi wa kompyuta Richard Karp aliliweka kwenye orodha yake ya matatizo 21 magumu mwaka 1972. Lakini asije mtu akalifanya ugumu huo kisingizio. Kuna njia nyepesi ya Takahashi na Matsuyama ya mwaka 1980: anza na chanzo, unganisha mji wa karibu kuliko yote, kisha tafuta mji unaofuata kwa ukaribu, si kutoka kwenye chanzo bali kutoka sehemu yoyote ya mti uliokwisha kuota. Endelea hivyo mpaka iishe miji. Gharama yake haizidi mara mbili ya mti bora kabisa, na kwa mtandao wa vituo makumi machache kompyuta ya mezani inaimaliza kufumba na kufumbua. Wenye hofu ya ucheleweshaji waiache: mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 1,200 ni milisekunde 6. Mpira hautachelewa kwa sababu ya mti kuzunguka kidogo.

Linalotakiwa kuogopwa ni kelele. Kila kilomita 80 hivi mwanga umepoteza desibeli 16 na unakuzwa na amplifaya, na kila amplifaya inaongeza kelele yake. Ukiuongezea mgao njiani, unaupunguza mwanga wenyewe na kuiacha kelele itakayofuata na nguvu zake zote. Ndiyo maana splita ikae baada ya amplifaya, si kabla. Kinachoamua ubora ni mwanga mdogo kuliko wote unaoingia kwenye amplifaya yoyote njiani, na ukigawa kabla unaushusha hapohapo. Tabora, ambako mwanga unachotwa na kuendelea Kigoma, itumike splita isiyo sawa kama ile ya Kigamboni. Na si kila kituo kiwe na splita. Ukiacha vituo vya kuchota kama Tabora, weka kwenye vituo ambako njia tatu au zaidi zinakutana, kwingine ni pesa iliyotupwa.

Sasa haki. Tupige hesabu moja ambayo tungependa kila anayepanga mkongo aibandike ukutani. Rangi ni 40, na kila kipande kimetumika asilimia 60, bila mpangilio maalumu. Uwezekano wa ombi kukosa rangi moja iliyo wazi njia nzima ni huu: kwa kipande kimoja, karibu na sifuri kabisa. Kwa vipande viwili, chini ya asilimia 0.1. Kwa vitatu, asilimia 7. Kwa vitano, asilimia 66. Mtandao ni uleule, mzigo ni uleule, bei labda ni ileile. Morogoro haijui kama kuna tatizo, Kigoma inakataliwa mara mbili kati ya tatu. Hakuna aliyekusudia kuionea Kigoma. Mtambo uliopewa amri ya "wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupata" umeionea wenyewe, na ripoti ya wastani wa nchi nzima inaficha kila kitu.

Mti wa mwanga unaumia zaidi, kwa sababu unataka rangi moja kwenye vipande vyote saba kwa mpigo. Kwa hesabu ileile unakataliwa asilimia 94 ya wakati. Hapo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye nakala. Lakini weka kigeuzi Singida tu, mahali shina linapogawanyika, ili kila tawi lichague rangi yake. Shina la vipande vitatu linakataliwa asilimia 7, kila tawi la vipande viwili chini ya asilimia 0.1, na mti mzima unakataliwa kama asilimia 7. Kutoka 94 hadi 7 kwa kituo kimoja. Wapo wenzetu wanaotaka mwanga usiguswe na umeme kutoka mwanzo hadi mwisho, na tunaelewa uzuri wake. Hata hivyo tunasema wazi: Singida mwanga ugeuzwe umeme, usafishwe, unakiliwe na kutumwa upya kwa rangi mbili. Kelele iliyokusanyika toka Dar es Salaam inaishia pale, na hesabu ya splita inaanza upya. Hizo rangi zilizokombolewa zitalipia mtambo huo.

Hesabu hiyo inachukulia rangi zimetapakaa ovyo, na kwa hiyo kuna dawa nyingine isiyogharimu shilingi: acha kuzitapanya. Kila ombi lichukue rangi ya namba ndogo iliyo wazi, ili zile za juu zibaki wazi kwa pamoja kwenye njia nzima. Kisha tenga rangi chache, tuseme 4 kati ya 40, ambazo ni za njia zenye vipande vinne na zaidi peke yake. Njia fupi zinabakiwa na 36 na zitagutuka kidogo siku za msongamano. Njia ndefu zitapumua. Pia iamuliwe mapema nini kinatokea mti usipoweza kuwafikia wote. Kuukataa mti mzima kwa sababu ya mji mmoja ni ukatili kwa wengine. Kuutuma bila mji huo ni sawa, lakini mfumo uandike nani ameachwa, na ombi lijalo aanze yeye. Bila daftari hilo ataachwa yuleyule kila siku.

Baada ya njia kupatikana, kuna mgao wa ndani ya njia. Kanuni ya msingi ni ya kumimina kidogo kidogo, kama chai ya birika moja: wote wanaongezewa sawa, aliyetosheka anaacha, kinachobaki kinaendelea kwa wengine. Njia ya gigabiti 10 ikiwa na maombi ya 2, 3 na 8, mgao ni 2, 3 na 5. Hakuna aliyepewa zaidi ya haja yake, na hakuna aliyeongezewa kwa kumnyang'anya mwenye kidogo.

Swali gumu ni la kuhesabu vichwa. Mkondo wa multikasti wenye watazamaji 10,000 uhesabiwe mtu mmoja au watu elfu kumi? Njia ya gigabiti 10 inao mkondo huo pamoja na mikondo tisa ya mtu mmoja mmoja, na wote wanataka kila wanachoweza kupata. Ukihesabu mkondo kuwa mmoja, kila mmoja anapata gigabiti 1. Basi kampuni haina sababu ya kutumia multikasti, maana ingetuma nakala elfu kumi ingepewa zaidi. Ukihesabu vichwa, wale tisa wanabakiwa na megabiti 1 kila mmoja, na mmoja wao anaweza kuwa zahanati inayotuma picha za eksirei. Sisi tunapendekeza uzito unaopanda ngazi: mtu mmoja uzito 1, kumi uzito 2, mia uzito 3, elfu uzito 4, elfu kumi uzito 5. Kwa kanuni hiyo multikasti inapata gigabiti 3.57 na kila mmoja wa wale tisa anapata megabiti 714. Anayetuma kwa pamoja anatuzwa, na aliye peke yake hakanyagwi. Tumeangalia kanuni nyingine na hatuoni inayokaa katikati vizuri kama hii.

Lipo pia suala la mpokeaji dhaifu. Mkondo mmoja ukiwa na kasi moja, kibanda kimoja chenye njia ya megabiti 2 kinaweza kuwashusha wote. Mkondo ugawanywe tabaka: la chini megabiti 1.5, la pili 2.5 juu yake, la tatu 4. Kila tabaka liwe kundi lake, na mpokeaji ajiunge na anayoyamudu. Anayejaribu tabaka lisilomtosha awe mwepesi kulitoka, kwa sababu kutoka kwenye kundi kwa IGMP huchukua kama sekunde 2, na kwa sekunde hizo mbili anawasonga majirani.

Kuhusu kukatika, mti una udhaifu wake na hatutauficha. Kijiko cha kuchimbia barabara kikipitisha meno kati ya Morogoro na Dodoma, miji yote mitatu inazima pamoja. Mti wa akiba upangwe kabla, kwa njia isiyogusa ya kwanza: kwa mfano kaskazini kupitia Tanga, Moshi, Arusha na Babati hadi Singida. Nyaya mbili kwenye mtaro mmoja si njia mbili. Ni njia moja iliyonunuliwa mara mbili. Na tukumbuke tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja na nchi nzima ikakosa pumzi. Mechi inachezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, watazamaji wako Temeke na Tabora; mtambo wa kuisambaza ukiwa ng'ambo, picha inavuka bahari kwenda na kurudi bila sababu. Shina la mti huo lianzie Dar es Salaam.

Tunaloomba, Mhariri, ni masharti kwenye zabuni na leseni, na tunaielekeza kwa Mamlaka ya Mawasiliano na kwa kila anayenunua uwezo wa mkongo kwa fedha za umma. Mtoa huduma achapishe kiwango cha maombi yaliyokataliwa kwa idadi ya vipande, mstari mmoja kwa kipande kimoja, mstari kwa viwili, mpaka mwisho, badala ya wastani mmoja wa nchi. Atamke kanuni yake ya uzito kwa multikasti kabla ya kuuza, si baada ya malalamiko. Kila splita iwe na karatasi ya hesabu ndani ya boksi lake, yenye kipimo cha siku ya kufungwa na akiba iliyobaki, ili fundi anayefuata asipachike nyingine gizani. Na atoe kipimo cha usawa alichokieleza mtafiti wa mitandao Raj Jain na wenzake mwaka 1984, ambacho mwanafunzi wa sekondari anaweza kukikokotoa: jumlisha mafungu, zidisha jumla hiyo kwa yenyewe, kisha gawa kwa idadi ya waliogawiwa mara jumla ya miraba ya mafungu yao. Kanda nne zikipata 10, 10, 10 na 2, jibu ni 0.84. Zikipata 8 kila moja, ni 1.

Ni sisi,
Mafundi na wahandisi wa mitandao ya faiba,
Dar es Salaam.